Uzi wa kupima transista mezani: mita inakwambia iliyokufa, haikwambii iliyo nzima

FundiWalukuba (mwanzisha uzi)

Mafundi wenzangu wa Jinja, Kampala, Arua, Busia na popote mlipo, salaam.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila wiki naulizwa swali lile lile: "Nimepima transista zote, zote nzima, mbona amplifaya bado inachoma fyuzi?" Na mwingine anakuja kinyume: ametoa transista ya TV, mita inalia, ametangaza imekufa, mteja ametumwa mjini kununua nyingine, kumbe ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Mteja wa kwetu pesa ya spea anaitafuta kwa jasho. Na spea ikishaguswa na risasi ya kulehemu, duka halirudishi. Kwa hiyo kujua kupima ni kumtendea haki mtu aliyekuamini na kifaa chake.

Jambo lenyewe ni hili. Mita ya kawaida ikiwa kwenye alama ya dayodi inapitisha mkondo mdogo sana, kama miliampea 1, na voltaji yake haizidi 3 au hapo karibu. Transista yenyewe ikiwa kazini inabeba ampea 5 kwenye volti 60, au inawasha na kuzima volti zaidi ya 300. Mita ikisema imekufa, mara nyingi imekufa kweli, isipokuwa aina chache nitakazozitaja. Ikisema nzima, maana yake ni kwamba haijafa kwa miliampea 1. Zaidi ya hapo haijui.

Kabla ya kugusa chochote: kapasita kubwa ya pawa saplai. Umeme wetu ni volti 240, ukishageuzwa DC unafika karibu volti 340, na unaweza kubaki ndani ya kapasita hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Msiishoti kwa bisibisi. Chukueni balbu ya zamani ya wati 60 yenye waya mbili, mgusishe kwenye miguu ya kapasita, kisha mhakikishe kwa mita kwamba imeshuka. Wapo vijana wanaofanya kazi hii usiku, peke yao, na wamechoka mwili mzima. Tafadhali.

Sasa mita ya dijitali. Transista ina miguu mitatu, beisi, kolekta na emita, na ziko aina mbili, NPN na PNP, ambazo mkondo wake hupita kinyume. NPN: ncha nyekundu kwenye beisi, nyeusi kwenye kolekta, halafu kwenye emita. Zote mbili zisome kati ya 0.55 na 0.75 hivi. Geuza ncha, isisome kitu. Kolekta kwa emita, pande zote mbili, isisome kitu. PNP ni hivyo hivyo, ila nyeusi ndiyo inakaa kwenye beisi. Ukipata sifuri au karibu na sifuri kolekta kwa emita, imepiga shoti. Beisi kwa emita isiposoma kabisa, imekatika ndani. Mpaka hapo wengi mnajua.

Ambacho wengi hawakitazami ni tarakimu ya tatu. Nina BC547 hapa mezani: beisi kwa kolekta 0.671, beisi kwa emita 0.677. Emita karibu siku zote inasoma juu kidogo. Tofauti hiyo ndogo inakutambulisha miguu hata kama maandishi yamefutika. Halafu ibane kichwa kwa vidole viwili, macho kwenye mita: namba inashuka polepole, 0.670, 0.665, 0.660, kwa sababu kiungo cha silikoni hupoteza kama milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka. Ukiachia, inapanda tena. Kiungo kinachofanya hivyo kwa utulivu kina afya. Kinachoruka juu na chini bila mpango, au kinachokatika kikipata joto, hicho ndicho kinachomfanya mteja arudi baada ya siku mbili akisema "inafanya kazi asubuhi tu".

Na toeni transista kwenye bodi kabla ya kuihukumu, au angalau miguu miwili. Ikiwa ndani ya bodi unapima na resista zake, na koili zake, na jirani zake wote kwa pamoja.

Nitaendelea na kipimo cha betri. Kwanza maswali.

BusiaStereo

Asante sana mkubwa. Mimi mita yangu ni ile ya mshale, nimerithi kwa fundi aliyenifundisha. Nikipima C945 inaniambia ni PNP, na datashiti inasema NPN. Mita imeharibika?

FundiWalukuba

Mita yako ni nzima kabisa ndugu yangu. Kwenye mita nyingi za mshale, ukiweka ohm, ncha nyeusi ndiyo inayotoa chanya, kwa sababu ya namna betri ilivyofungwa ndani. Za dijitali ni nyekundu. Kwa hiyo kwa mita yako NPN inapimwa nyeusi ikiwa kwenye beisi. Hilo tu.

Na usiitupe mita hiyo, ina jambo ambalo ya njano ya dijitali haina. Kwenye ohm ya x1 inasukuma mkondo mkubwa zaidi, makumi ya miliampea, kwa hiyo kiungo dhaifu kinajionyesha. Kwenye x10k nyingi zinatumia betri ya volti 9 ya ndani, na hapo kuna kipimo kizuri: pima beisi kwa emita *kinyume*. Transista ndogo za silikoni kiungo cha emita huvunjika kinyume kwenye volti chache tu, datashiti nyingi zinaahidi 5 au 6, zenyewe zinavumilia kidogo zaidi. Kwa hiyo mshale unaweza kusogea. Mtu asiyejua atasema "inavuja". Haivuji, ndivyo ilivyo. Kolekta kwa beisi kinyume mshale hausogei, kwa sababu kiungo hicho kinahimili makumi ya volti. Mguu unaosogeza mshale ni emita.

Angalizo kuhusu C945 yako: miguu yake, uso bapa ukikutazama, ni emita, kolekta, beisi kutoka kushoto. BC547 ni kolekta, beisi, emita. Ukiweka moja mahali pa nyingine bila kupinda miguu, saketi haitafanya kazi na utalaumu spea. 2N3904 ni emita, beisi, kolekta. Hata 2N2222 ya plastiki, ikiwa na herufi P mbele, P2N2222A, miguu imegeuka ikilinganishwa na PN2222A. Mita kwanza, mazoea baadaye.

MwanafunziKyambogo

Mzee shikamoo. Nina swali mbili. Mita yangu ya njano ina tundu za hFE (za kupima gain, yaani transista inakuza mkondo mara ngapi), na pia nimenunua kile kitesta kidogo chenye skrini, unachomeka miguu mitatu na kinachora picha ya transista. Hivyo havitoshi?

FundiWalukuba

Marahaba. Hicho kitesta ni kazi nzuri sana na nafurahi vijana mnakitumia. Msingi wake ni mradi ulioanzishwa na Markus Frejek na kuendelezwa na Karl-Heinz Kübbeler, wakaachia programu yake bure, ndiyo maana leo vinauzwa kila mahali kwa bei ya chini. Kukutambulisha miguu, kukwambia ni NPN au PNP au mosfeti (transista inayoendeshwa kwa voltaji ya mguu wa geti), kukuonyesha kwamba kuna dayodi ndani, hapo ni hodari. Ila usikichomekee kapasita yenye chaji, utakiua.

Lakini kinatumia volti 5, na mkondo wake ni miliampea chache. Tundu za hFE kwenye mita ya njano ndio zaidi: zinatoa mkondo wa beisi wa mikroampea 10 hivi, kwa volti kama 3. Kwa BC547 inatosha. Kwa 2N3055, ambayo ni ya ampea 15, namba unayoipata pale haina uhusiano na kazi itakayofanya. Kumpima mpagazi wa gunia kwa kumpa kijiko ashike hakukwambii kitu.

Jenga hiki badala yake, ni cha resista mbili. Betri ya volti 9. Resista ya megaohm 1 kutoka chanya hadi beisi. Resista ya kilo-ohm 1 kutoka chanya hadi kolekta. Emita kwenye hasi. Sasa pima volti juu ya ile resista ya kilo-ohm 1. Kila volti 1 ni miliampea 1 ya kolekta. Beisi inapata (9 kutoa 0.6) gawanya kwa megaohm 1, yaani mikroampea 8.4. Ukisoma volti 2.1, kolekta ina miliampea 2.1, gawanya kwa 0.0084, unapata 250. BC547B inatakiwa iwe kati ya 200 na 450, kwa hiyo hiyo ni halali. A ni 110 hadi 220, C ni 420 hadi 800. Betri yako ikiwa imeshuka hadi 8.3, tumia 8.3 kwenye hesabu.

Halafu, na hapa ndipo penye thamani, chomoa waya ya beisi. Usomaji ushuke hadi sifuri kabisa. Ukibaki 0.1, una mikroampea 100 zinazovuja kolekta kwa emita bila kuambiwa. Mita kwenye dayodi ingeweza kupitisha transista hiyo. Ndani ya hatua ya kwanza ya amplifaya ingekupa ule mlio wa kuungurama na ungebadilisha kapasita zote kabla ya kuishuku.

PNP, geuza betri, basi. Kolekta na emita ukizikosea, gain inaanguka chini sana, kwa hiyo kama unapata 10 mahali pa 250 geuza miguu kabla ya kuitupa.

KatweAmp

Sasa hapo tumefika kwangu. Mimi kazi yangu ni amplifaya za kanisa na za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), kila Ijumaa jioni mtu anakuja anahema, sherehe ni kesho. Transista za pawa 2SC5200 na 2SA1943, tunaziita 5200 na 1943, ndizo nabadilisha kila siku. Zinapimwa vizuri kabisa kwa mita, unazifunga, unaongeza sauti, paa. Kwangu dawa ni moja: nunua tano, vunja moja kwa nyundo, angalia ukubwa wa kipande cha silikoni ndani. Kikiwa kidogo kama punje ya mtama, rudi dukani.

FundiWalukuba

@KatweAmp hujambo ssebo. Nyundo inasema kweli, sikupingi. 2SC5200 inatakiwa ihimili volti 230, ampea 15 na wati 150, na hayo hayawezekani kwa kipande kidogo. Lakini unapoteza moja kila mara, na anayenunua jozi moja atavunja ipi? Kuna njia isiyovunja.

Betri ya volti 12, ya gari au ya sola. Fyuzi ya ampea 3 kwenye chanya, tafadhali, kwa sababu betri hiyo haijui kusimama, ukikosea waya inayeyuka mkononi. Mzigo wa kolekta uwe balbu ya indiketa ya gari, wati 21. Emita kwenye hasi. Beisi ipate chanya kupitia resista ya ohm 100 ya wati 5, hiyo ni kama miliampea 110. Balbu iwake kikamilifu, ampea 1.75 hivi. Sasa weka mita kolekta kwa emita. Nzima itasoma chini ya volti 1, nyingi zinakuja hata chini ya nusu volti. Ukisoma volti 2 au 3 na transista inapata joto haraka, sio ya kazi hiyo hata maandishi yake yang'ae vipi.

Hatua ya pili ndiyo inayozichuja. Toa ohm 100, weka kilo-ohm 1. Beisi sasa ina miliampea 11 tu. Funga mita kwenye tundu la ampea 10 katikati ya balbu na kolekta. Ukisoma ampea 0.9, gain ni kama 80. Datashiti ya 2SC5200 inasema kwenye ampea 1 iwe 55 hadi 110 kwa zenye herufi R, na 80 hadi 160 kwa zenye O. Ile feki inaweza kukuonyesha 120 kwenye tundu la mita ya njano, halafu hapa inaanguka hadi 20, kwa sababu kipande kidogo kinaishiwa nguvu mkondo ukipanda. Ifunge kwenye hitisinki kwanza, kwa sababu katika hatua hii balbu haichukui voltaji yote, transista ndiyo inayochemka. Sekunde chache, soma, zima.

Na ukishapata namba za zote nne, panga zinazokaribiana upande mmoja. Zikiwa sambamba na moja ina gain maradufu ya mwenzake, hiyo moja ndiyo itakayobeba mzigo na ndiyo itakayokufa, kisha inaondoka na wenzake.

KatweAmp

Hii ya balbu naijaribu leo leo. Ninayo balbu ya indiketa hapa.

MwanafunziKyambogo

Kuongezea kidogo: kile kitesta chenye skrini kinapima pia uwezo wa kapasita, pikofaradi. Kipande kikubwa cha silikoni kina kapasitansi kubwa kati ya beisi na kolekta. Nimelinganisha 5200 iliyotoka kwenye amplifaya ya zamani na mpya ya dukani, ya dukani haikufika hata nusu.

FundiWalukuba

Vizuri sana kijana, hiyo ni njia halali, na inafaa kaunta ya duka kabla hujatoa pesa. Muhimu ulinganishe na moja unayojua asili yake.

SolaGulu

Ndugu zangu, mimi niko kwenye inveta za sola. Huku kijijini inveta ndiyo friji ya kliniki na ndiyo kinyozi. Ninayo moja ina mosfeti za IRF3205 nane, nne kila upande. Nikipima upande mmoja zote nne zinasoma shoti. Kweli zote nne zimekufa kwa mara moja?

FundiWalukuba

Mara nyingi ni moja, wakati mwingine mbili. Miguu ya mosfeti ni geti, dreni na sosi; dreni zao zimeungwa pamoja na sosi zao pamoja, kwa hiyo moja ikipiga shoti, mita inaziona zote shoti. Usizing'oe zote nane, bodi itaumia.

Angalia geti. Kila moja ina resista yake ndogo kwenye geti, kwa mfano ohm 10. Weka mita kwenye ohm, ncha moja kwenye mguu wa geti wenyewe, nyingine kwenye sosi. Mosfeti ikiungua shoti kwa kawaida geti nayo imetoboka, kwa hiyo iliyokufa itasoma karibu na sifuri. Majirani zake, kama wako kwenye mstari mmoja wa kuendeshwa, watasoma kama ohm 20, kwa sababu mita inapita kwenye resista yao, kisha kwenye resista ya maiti, hadi sosi. Inayosoma chini kuliko zote ndiyo unayoianza kuing'oa. Ukiitoa, pima tena zilizobaki.

Ikishatoka, mosfeti inapimwa hivi. Shotisha miguu yote mitatu kwa kidole au waya ili geti imwage chaji. Kwenye dayodi: nyekundu kwenye sosi, nyeusi kwenye dreni, utaona dayodi ya ndani, 0.4 hadi 0.6. Geuza, isisome. Kisha iamshe geti. Hapa ndipo wengi wanapotupa mosfeti nzima: IRF3205 inaanza kufunguka kati ya volti 2 na 4, na mita nyingi zinatoa chini ya 3. Geti ikiguswa na ncha nyekundu isipofunguka, sio ushahidi. Tumia betri ya volti 9: hasi kwenye sosi, chanya iguse geti mara moja, iondoe. Sasa dreni kwa sosi isome karibu na sifuri pande zote mbili, na ibaki hivyo hata betri ukiwa umeshaiondoa, kwa sababu geti inashika chaji. Ikifunguka halafu ikajifunga yenyewe kwa sekunde chache, geti inavuja. Hiyo mita isingeikamata kamwe. Usipite volti 20 kwenye geti.

Na kabla hujafunga mpya, pima resista za geti na chipu inayoziendesha. Mosfeti ikifa hutuma umeme wa dreni kurudi nyuma kupitia geti.

SolaGulu

Nimeipata. Ya tatu kutoka kushoto inasoma 0.4, nyingine zinasoma 20 na kitu. Mungu akubariki.

BomboRedio

Salaam aleikum vijana. Nimewasoma kimya. Mimi nimekaa kwenye redio tangu zile za germaniamu, AC128 na wenzake, ambazo mita inakusomea 0.2 na zinavuja kidogo hata zikiwa nzima, kwa hiyo mkikutana nazo msizitupe kwa sheria za silikoni. Swali langu ni lingine. Fundi wa Walukuba umesema mita haioni voltaji kubwa. Transista ya pawa saplai, 13007, mnaipimaje kwa voltaji yake? Mimi natumia mega ya kupimia waya za nyumba.

FundiWalukuba

Waaleikum salaam mzee wangu. Nilikuwa nasubiri mtu alete hilo.

Mega ndiyo chombo chenyewe kwa fundi asiye na mashine ya maabara, kwa sababu inatoa voltaji kubwa lakini mkondo wake umebanwa, kama miliampea 1 au zaidi kidogo, kwa hiyo transista ikivunjika haiungui papo hapo. MJE13007 inaahidi volti 400 kolekta kwa emita. Iweke nje ya bodi kabisa, shotisha beisi na emita kwa kipande cha waya, chanya ya mega kwenye kolekta, hasi kwenye emita, kiwango cha volti 250. Isome kama waya iliyo wazi. Ikisoma kilo-ohm au megaohm chache, imeanza kuchoka, na kwenye volti 340 za pawa saplai itapasuka. Nimeona transista zilizopita mita, zikapita kipimo cha resista mbili, zikaanguka hapa.

Kwa wadogo: hiyo ni volti 250 mezani. Miguu isiguswe, waya zenye klipu tu, na mkono mmoja nyuma. Kama mega huna, usijaribu kuunda yako kwa umeme wa ukutani.

Bila mega, njia ni balbu ya serisi. Balbu ya zamani yenye uzi, wati 60 au 100, kwenye waya moja ya umeme kabla ya kifaa. Ukiwasha: ikimulika kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima, na transista yako mpya imeokoka. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Kila pawa saplai inayotoka mikononi mwangu inapita hapo kwanza. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo hizi transista zinakwenda, na mara nyingi haziendi peke yake: kuna kapasita ndogo iliyokauka, au resista ya beisi iliyokatika. Ukibadilisha transista tu, unawasha, inakufa tena.

Na nilisema nitataja zile zinazodanganya mita. Mbili ndizo za kukumbuka.

Ya kwanza ni transista za laini kwenye televisheni za kichogo, D2499 na aina hiyo. Ndani kuna dayodi kutoka emita kwenda kolekta, na resista ya ohm kama 50 kati ya beisi na emita. Mita kwenye dayodi inapitisha miliampea 1, mara ohm 50, unasoma 0.05 pande zote mbili, na mita inalia. Sio shoti. Weka kwenye ohm 200: ukiona 40 au 50 na sio 0, endelea kuitumia. Ili kiungo chenyewe kifunguke unahitaji kama miliampea 14 zimalizikie kwenye ile resista kwanza, kwa hiyo ni kile kipimo cha balbu ya indiketa kitakachokupa ukweli. BU508A haina dayodi hiyo, BU508D inayo. Herufi moja.

Ya pili ni TIP122 na jamaa zake, transista mbili ndani ya nyumba moja. Mmeambiwa beisi kwa emita isome 1.2 kwa sababu viungo ni viwili. Kwa mita ya kawaida mara nyingi utasoma 0.7 au 0.8. Ndani kuna resista ya ohm kama 120 juu ya kiungo cha pili, na miliampea 1 inapita humo kwa volti 0.12 tu, kiungo cha pili hakijaamka. Transista ni nzima. Na ile dayodi unayoiona emita kwa kolekta ni ya kiwandani.

BomboRedio

Hiyo ya TIP122 imenijibu swali la zamani. Nimezitupa nyingi kwa kuziona 0.75.

KatweAmp

Ripoti. Nimepima 5200 sita kwa balbu. Nne zimetoa kati ya 0.8 na 1.0 kwa kilo-ohm 1. Mbili zimetoa 0.25, na kwa ohm 100 zinasoma volti 2 kolekta kwa emita, moto kweli. Zote sita duka moja, mfuko mmoja, na kwenye mita ya njano zote zilikuwa zaidi ya 100. Hizo nne nimezifunga, balbu ya serisi imefifia vizuri. Sasa niongeze sauti?

FundiWalukuba

Bado ssebo. Spika isifungwe. Pima DC kwenye tundu la spika kwanza, iwe ndani ya milivolti 50 hivi kutoka sifuri. Kisha pima milivolti juu ya kila resista ya emita, zile za 0.22. Kama moja inasoma 10 na jirani yake 11, mkondo ni kama miliampea 45 hadi 50 kila moja na wanagawana sawa. Ukikuta moja ina 2 na nyingine 20, rudisha mezani. Zikiwa sawa, iache dakika 20 bila mziki, hitisinki ipate joto lake, upime tena. Namba zisiendelee kupanda. Hapo toa balbu ya serisi, funga spika ya zamani, uongeze sauti kidogo kidogo.